FUNDISHO KWA WAAMINIFU: KADI YA BANKI IKIPOTEA AU IKIIBIWA



Fundisho la mara hii ni la mambo ya nyumbani, na tunaomba msilipite haraka eti ni la matajiri. Tangu mwaka 2011 serikali ya inchi yetu ilianza kulipa wafanyakazi wake kwa njia ya banki, si tena kwa bahasha mkononi. Mwalimu, muuguzi, askari, karani wa komini, wengi wao leo wana kadi ndani ya mkoba. Hata mama anayeuza unga sokoni, ambaye hajaingia banki siku moja, anaweka feza yake ndani ya telefone. Basi jambo hili limeingia katika nyumba zetu zote.

Zamani feza ya nyumba ilikaa kwenye pindo la kitambaa, au chini ya godoro, au ndani ya kikopo cha maziwa. Mwizi akichukua elfu kumi, umepoteza elfu kumi, na saa ileile hasara imekwisha. Kadi ni kitu kingine. Dakika mwizi anapoichukua, hujapoteza bado hata franka moja. Hasara inakuja nyuma: saa moja baadaye, usiku, kesho yake, hata siku mshahara wa mwezi utakapoingia. Kwa hiyo mwenye kadi ana kitu ambacho mwenye kikopo hakuwa nacho, ni kusema nafasi ya kumtangulia mwizi. Lakini nafasi ile ni fupi sana.

KADI SI FEZA, NI UFUNGUO

Toeni kadi zenu tuziangalie. Mbele, au kwa kadi nyingine nyuma, kuna namba ndefu, mara nyingi ya tarakimu 16. Kuna mwezi na mwaka ambapo kadi itakufa. Nyuma kuna tarakimu tatu ndogo, na wengi hawajui kazi yake. Kuna kile kipande kidogo kinachong'aa kama shaba, na nyuma kuna mstari mweusi. Halafu kuna kitu kisichoandikwa popote: namba ya siri, ile tunayoita kode, ya tarakimu nne.

Mwizi mwenye kadi na kode anakwenda kwenye mashine ya banki na kutoa feza kama mwenye mali. Mwizi mwenye kadi bila kode hana mikono mitupu: akiona juu ya kadi alama ya mawimbi madogo, anaweza kuigusisha kwenye mashine ya duka na kulipa vitu vya bei ndogo bila kuulizwa kitu. Na mtu wa tatu, ndiye tunayemsahau, hana kadi kabisa. Ameiona dakika moja tu, akapiga picha mbele na nyuma. Kwa ile namba ndefu, ile tarehe na zile tarakimu tatu anaweza kununua vitu kwenye intaneti, naye yuko mbali, na kadi yako iko salama mfukoni. Vijana wanaotumiana picha za kadi kwa WhatsApp ili ndugu awalipie kitu, tunawaomba waache desturi hiyo. Picha ya kadi ni kadi.

Tena kuna kadi za namna mbili, na inafaa mjue yenu ni ya namna gani. Kuna kadi ya deni, ambayo banki inalipa kwanza na wewe unarudisha mwisho wa mwezi. Kuna na ile inayotoa moja kwa moja ndani ya hesabu yako. Wengi wetu hapa Congo tuna hii ya pili. Tofauti ni kubwa siku ya wizi. Kwa kadi ya deni mnabishana na banki juu ya feza ambayo haijatoka mfukoni mwako. Kwa kadi yetu, feza ya chakula imekwisha kwenda, na watoto wanangoja kula wakati ninyi mnaandika barua.

SAA YA KWANZA

Tuchukue mfano wa mama mwalimu. Amepokea, ametoka banki, ameingia katika taksi-bisi kuelekea soko ya Kenya hapa Lubumbashi. Anashuka, anatafuta mkoba, haupo. Ndani ya mkoba kulikuwa kadi, telefone, na kadi ya uchaguzi, ambayo kwa miaka mingi ndiyo imekuwa kitambulisho cha wengi wetu. Afanye nini?

Wengi wataanza kulia, kisha kurudia njia ileile, kuuliza dereva, kuuliza wauza mikate, hata saa mbili zinapita. Mama yule aombe telefone kwa mtu wa karibu na kuita banki. Jambo hilo linatangulia yote. Aseme neno moja: nataka kufanya oposisyo kwa kadi yangu. (Neno hili si la siasa, msiogope kulisema mbele ya watu.) Maana yake ni kwamba banki inaua kadi ile, na mashine yote itakayoiona itaikataa. Hesabu yenyewe inabaki na feza inabaki mahali pake. Ni ufunguo tu umebadilishwa.

Lakini ataita namba gani, ikiwa namba ya banki ilikuwa ndani ya telefone iliyoibiwa, na nyingine nyuma ya kadi iliyoibiwa? Hapa ndipo watu wengi wanaangukia. Kwa hiyo leo, kabla ya kulala, chukua karatasi. Andika jina la banki, namba yao ya kuita siku ya wizi, namba ya hesabu yako, na tarakimu nne za mwisho za kadi. Usiandike namba nzima, wala kode. Karatasi hiyo ikae nyumbani, na nakala kwa mtu mmoja unayemwamini, mume, mke, au mtoto mkubwa. Mama yule angeita nyumbani na kusema: chukua karatasi. Jambo lingekwisha kwa dakika kumi.

Wakati unasema na banki, uliza jina la anayejibu, tazama saa, na omba namba ya oposisyo kama wanaitoa. Andika hata juu ya mkono kama huna karatasi. Siku za mbele, ikiwa feza ilitoka, swali kubwa litakuwa hili: ilitoka mbele ya kuita kwako au nyuma? Mwenye kuandika saa atajibu. Asiyeandika atabaki kuapa.

Kisha nenda mwenyewe kwenye ajansi na barua ndogo: jina, hesabu, siku na saa ya wizi, saa uliyoita. Beba nakala mbili, wapige muhuri juu ya moja, nayo urudi nayo nyumbani. Watu wetu wanaona haya kuomba muhuri, kama kwamba ni kumtukana karani. Si kumtukana. Karani anaweza kuhamishwa Kolwezi mwezi unaokuja, na muhuri utabaki. Nenda pia polisi au komini kutafuta karatasi ya kushuhudia kwamba vitambulisho vimepotea, kwani banki na kompani ya telefone wataiuliza.

Ndugu wa Goma na Bukavu wanaweza kutufundisha kitu hapa. Mwanzoni mwa mwaka 2025, vita ilipoingia Goma na kisha Bukavu, banki zilifunga milango. Mtu aliyezoea kusema "nikipata shida nitakwenda kwenye gishe" hakuwa tena na gishe. Basi msitegemee mlango mmoja. Kama banki yako ina programu ya telefone, jifunze sasa mahali pa kufunga kadi, usingoje siku ya mashaka. Nyingine zina namna ya kuifunga kwa muda: kama hujui ikiwa kadi imeibiwa au imebaki nyumbani ndani ya koti, ifunge kwanza, tafuta kwa utulivu, kisha utaona.

TELEFONE ILIYOKWENDA PAMOJA NA KADI

Mama yetu mwalimu hajamaliza. Telefone imekwenda pia, na ndani yake kuna M-Pesa, au Airtel Money, au Orange Money. Mwizi wa siku hizi hana haja ya kufungua telefone yako. Anatoa kadi ya SIM, anaitia ndani ya telefone nyingine, na sasa ujumbe wote wa banki unamfikia yeye, hata zile namba ndogo ambazo banki inatuma ili kuhakikisha kama ni wewe.

Kwa hiyo simu ya pili ni kwa kompani ya telefone: wafunge namba na hesabu ya feza iliyo juu yake. Baadaye utakwenda kwao na kitambulisho, au na ile karatasi ya polisi, nao watakurudishia namba yako juu ya SIM mpya. Namba ikiandikwa kwa jina lako mambo ni mepesi. Ikiandikwa kwa jina la shemeji aliyekwisha kusafiri, au la kijana aliyeiuza barabarani, utateseka. Chunguzeni hilo wiki hii.

Kuna na kinga ya bure ambayo karibu hakuna anayeitumia. SIM yenyewe inaweza kuwekwa kode yake. Mwizi akiitia katika telefone nyingine, inaulizwa. Akikosea mara tatu, inafungwa, na kuifungua kunataka namba nyingine ya tarakimu nane iitwayo PUK, iliyoandikwa juu ya kile kikaratasi kigumu ulichopewa siku ya kununua SIM na ambacho ulitupa. Msikitupe. Tena pigeni *#06# juu ya telefone zenu: itatokea namba ya tarakimu 15, ambayo ni kama jina la ubatizo la telefone ile. Iandike kwenye karatasi ya nyumbani. Siku polisi wakikamata mfuko wa telefone za wizi, utaonyesha ipi ni yako.

KODE ILIYOFICHWA NDANI YA BIBLIA

Hapa tunasema na waaminifu wetu wenyewe. Wengi wanaandika kode kwenye ukurasa wa kwanza wa Biblia, pamoja na siku ya ubatizo na majina ya watoto. Wanafikiri mwizi hatafungua Kitabu. Lakini Biblia na kadi zinatembea katika mkoba mmoja siku ya Mungu, na mwizi wa mkoba anafungua kila kitu. Wengine wanatwaa mwaka wa kuzaliwa, na mwaka ule umeandikwa juu ya kadi ya uchaguzi iliyo pembeni. Wengine wanaweka 1234. Tuseme nini zaidi?

Kode ikae kichwani. Ikiwa ni ya mzee anayesahau, basi mtoto mmoja ajue naye, na mtoto yule asiwe anayebeba kadi.

Kuna na jambo zito zaidi, nalo linafanyika kati yetu kimya kimya. Mshahara unachelewa, mtoto anagonjwa, na Papa anakwenda kwa wale wakopeshaji wanaoitwa Banque Lambert. Mkopeshaji anasema: niachie kadi na kode yako, nitajilipa mwenyewe. Papa anakubali. Kuanzia siku ile si kadi iliyoibiwa tena. Ameitoa kwa mkono wake. Mkopeshaji akichukua mara mbili ya deni, banki itasema: wewe ndiye uliyempa kode, na mapatano uliyotia sahihi yanakataza. Hawasemi uongo. Somo la deni tutalifanya siku nyingine, lakini aliye katika kifungo hicho sasa anaweza kuanza hivi: akatafute mashahidi wawili, waandike deni lililobaki kwa karatasi, wapange siku za kulipa, arudishiwe kadi, na siku hiyohiyo abadilishe kode.

KWENYE MASHINE

Wizi mwingi hauna kisu. Kijana aliyevaa vizuri anasimama nyuma yako kwenye mashine. Kadi yako inakwama. Anasema kwa upole: "Mama, ingiza kode tena, itatoka." Unaingiza, naye anaona. Kadi haitoki, unaondoka kutafuta karani, naye anabaki na kadi. Au anakusaidia kuichukua, na kumbe amekurudishia kadi nyingine ya rangi ileile, nawe unaijua nyumbani tu, jina si lako.

Funika vidole kwa mkono wa pili wakati unaandika kode, hata kama hakuna mtu, kwani kamera ndogo inaweza kufichwa pale juu. Mashine ikimeza kadi, usiondoke: simama palepale, ita banki kutoka pale, tuma mtoto kumwita mlinzi. Usikubali msaada wa mtu asiyetoka ndani ya banki. Mashine nyingi hapa zinatoa dola na franka. Wengine wanasimama kuhesabu dola mbele ya watu wote, na kadi wanaisahau ndani.

MBELE YA KWENDA KWA NABII

Sasa tuguse neno ambalo wengine hawataki liguswe. Katika makanisa yetu, mtu akiibiwa, anakimbia kwa mtumishi wa Mungu ili aonyeshwe mwizi. Hatusemi kwamba Mungu haonyeshi. Tunasema kwamba ufunuo haufungi kadi. Wakati mnapiga magoti saa tatu, mashine ya banki haijapiga magoti. Ita banki kwanza, kisha njoo tuombe, na tutaomba vizuri zaidi tukijua mlango umefungwa.

Tena tujihadhari na majina. Mara ngapi neno limetamkwa kwamba mwizi ni "mtu wa karibu, mwenye ngozi nyeusi", na nyumba nzima ikamgeukia yaya wa kazi au mtoto wa marehemu dada? Banki ina kitu ambacho minong'ono haina: karatasi ya hesabu, yenye siku, saa na mahali feza ilipotolewa. Ombeni karatasi ile. Ikionyesha kwamba feza ilitoka saa nane ya mchana kwenye mashine ya mjini, na yaya yule saa nane alikuwa akifua mbele ya macho yenu, nyamazeni na mwombeni radhi.

Karatasi ile isomeni kila mwezi, hata bila wizi. Wezi wengi wanaanza na kidogo, dola moja, dola mbili, kuonja kama kadi ingali hai na kama mwenyewe amelala. Yule mwanamke wa Luka 15 aliyewasha taa na kufagia nyumba alijua kwamba sarafu moja imepotea kwa sababu alijua alikuwa na kumi. Asiyejua hesabu yake hajui hata kama ameibiwa.

Na sanduku la kanisa? Parokia zenye hesabu banki, kadi isikae na mtu mmoja anayejua na kode. Mmoja ashike kadi, mwingine ajue kode, na wa tatu asome karatasi ya kila mwezi. Mweka hazina akihamishwa au akilala katika Bwana, kode ibadilishwe mbele ya matanga kwisha. Hilo linamkinga hata mweka hazina mwaminifu, maana feza ikikosekana hakuna atakayemnyooshea kidole peke yake.

KWA NDUGU WALIO NGAMBO

Waaminifu wetu wa Ubelgiji, Ufaransa na Marekani wana sheria zinazowasaidia, lakini sheria zile zinapima saa. Katika Umoja wa Ulaya, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2018, feza iliyoibiwa kwa kadi mbele ya kuita banki, mwenye kadi anaweza kubebeshwa hasara hadi euro 50 tu. Nyuma ya kuita, habebi kitu. Ila ikionekana kwamba alizembea vibaya, kama kuandika kode juu ya kadi, anaweza kubeba yote. Ubelgiji wanaita Card Stop, 078 170 170, usiku na mchana. Ufaransa ni 0 892 705 705.

Marekani ni namna nyingine. Kwa kadi ya deni mwisho ni dola 50. Kwa kadi inayotoa ndani ya hesabu, ukitoa habari ndani ya siku mbili za kazi tangu kujua, ni dola 50. Ukipitisha hizo, inaweza kufika dola 500. Na ukiacha siku 60 zipite tangu banki kukutumia karatasi yenye wizi ule, kile kitakachochukuliwa nyuma ya hapo unaweza kukipoteza chote. Angalieni basi: anayetupa barua za banki bila kuzifungua anatupa haki yake.

Sisi tulio hapa tusichukue sheria za Ulaya na kuzipeleka kwenye gishe ya Lubumbashi. Hapa kitakachosomwa kwanza ni mapatano uliyotia sahihi siku ya kufungua hesabu. Ombeni nakala, na asiyejua Kifaransa asomewe na mtoto wa shule. Tafuteni mahali panaposema ni nani anayebeba hasara kabla ya oposisyo na nyuma yake. Banki ikikataa malalamiko yako, lidai jibu kwa maandishi.

NYUMA YA WIZI

Siku mbili tatu baada ya oposisyo, telefone inaweza kulia. Sauti nzuri, Kifaransa safi: "Sisi ni banki, tumeipata kadi yako, tupe kode tuhakikishe." Huyo ndiye mwizi, au rafiki yake. Anajua jina lako kwa sababu ana mkoba wako. Banki haiulizi kode, wala wakati wa oposisyo, wala siku nyingine. Kata, kisha uite wewe mwenyewe ile namba iliyo juu ya karatasi ya nyumbani. Na waambie jamaa na wanakwaya kwamba telefone yako imeibiwa, maana ujumbe wa "nimekwama, nitumie dola 20" utawafikia kwa jina lako.

Ukiokota kadi ya mtu, usitangaze jina na namba yake mbele ya kusanyiko, wala usiweke picha yake katika kikundi cha WhatsApp cha kanisa ili mwenyewe aione. Ipeleke kwenye ajansi ya banki iliyoandikwa juu yake.

Na kadi uliyoifunga, ukiiona tena wiki ya pili ndani ya mfuko wa koti la mazishi, usijaribu kuitumia. Imekwisha kufa, na mashine inaweza kuimeza. Chukua mkasi, kata katikati ya kile kipande kinachong'aa, kata na ule mstari mweusi, na vipande usivitupe mahali pamoja.